Kambi ni Neno la Mwenye Ardhi

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo ningeomba tulichunge jinsi tunavyochunga simu zetu kwenye matatu ya jioni. Neno lenyewe ni kambi. Kila mtu analijua. Wanajeshi wana kambi, wakimbizi wana kambi, na wanasiasa huwa na kambi mbili, ambapo kila karibu na uchaguzi mtu hutoka hii akaingia ile na kuapa hajawahi kuwa kwingine. Kuna kambi ya matibabu, kambi ya maombi, kambi ya vijana wa kanisa likizo ya Agosti. Wanahabari nao hawamalizi wiki bila mtu kupiga kambi mahali: Rais amepiga kambi Magharibi, polisi wamepiga kambi nje ya lango la fulani. Kwa kuwa liko kila mahali, hatulisikii tena likipita.

Mimi nalisikia. Na hoja yangu ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja neno hili limetumika kusema uongo mmoja, kwamba mtu fulani yuko mahali "kwa muda tu", na wanaolipia uongo huo ni wale wasio na ardhi.

Naandika nikiwa Landless, Thika. Kama hujawahi kufika, ni upande wa barabara ya Garissa, jirani na Makongeni. Jina halikupambwa: ni neno la Kiingereza la kumwita mtu asiye na ardhi, likageuka kuwa mtaa. Leo Landless ina ghorofa, saluni, maduka ya M-Pesa, shule za kibinafsi, na mabango ya ploti zinazouzwa kwa bei ambayo mtu asiye na ardhi hawezi hata kuinusa. Ati ardhi inauzwa Landless, na taito iko tayari. Kejeli hiyo tumeizoea, hakuna anayecheka tena.

Nitarudi kwa jina hilo. Kwanza kambi.

Ukimuuliza mtu asili yake atakwambia ni "camp" ya Kiingereza iliyovalishwa nguo za Kiswahili, na hatakuwa mbali. Hiyo "camp" yenyewe ilipita Ufaransa na Italia ikitoka kwa neno la Kilatini, campus, yaani uwanda, eneo tambarare. Roma ya kale ilikuwa na uwanda wake wa Mars, mungu wa vita, ambapo askari walifanya mazoezi na raia walikusanyika kupiga kura. Kutoka kwa mzizi huohuo likaja neno la majeshi kutoka mjini na kuingia mbugani kupigana, ambalo kwetu limetua kama kampeni. Kwa hivyo kambi na kampeni ni ndugu wa damu, jambo ambalo halishangazi mtu yeyote aliyewahi kuona msafara wa mwanasiasa ukiingia Thika.

Na ndugu wa tatu ni yule mwanafunzi wa KU anayesema, "Niko campo." Hapa historia ilituchezea mchezo mzuri. Ukitoka Thika kwenda Nairobi, ukapita Juja na Ruiru, unafika Kahawa, na hapo kando ya barabara ndipo ilipo Kenyatta University. Majengo yake ya mwanzo yalikuwa kambi ya jeshi la Uingereza, Templer Barracks, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 ikafanywa chuo, na mwaka 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Kambi ikawa campo. Neno lilizunguka dunia karne nyingi, kisha likaja kukutana na nduguye mahali pamoja, kando ya Thika Road.

Lakini tusikimbilie kuwapa Waingereza kila kitu. Mwaka 1857 Richard Burton alitoka pwani ya Tanzania ya leo akielekea Ziwa Tanganyika, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 mahali pa kulala misafara anapaita "khambi". Hiyo ni miaka 45 kabla ya King's African Rifles kuundwa. Hakukuwa na DC, hakukuwa na baraza la chifu, hakukuwa na kaptura ya kaki. Neno lilikuwa tayari midomoni mwa wapagazi. Wareno nao walikuwa wamekaa Mombasa tangu karne ya 16, na kwao uwanda ni campo. Sisi tulichukua kwao meza, bendera na mvinyo, na tukachukua neno lao la kanisa tukalifanya gereza, kwa sababu kanisa lao lilikuwa ndani ya ngome na ngome ndiyo iliyofungia watu. Kiswahili si mtoto wa kulishwa kijiko. Kinapokea neno, kinaangalia linafanya nini mtaani, halafu kinalipa maana inayolingana na matendo yake.

Na katika njia za misafara, kambi ilikuwa na maana safi kabisa. Mnafika jioni, mnakata miiba mnazungusha boma, mnasimamisha vibanda vya nyasi au mnaingia katika vile vilivyoachwa na msafara uliotangulia, mnapika, mnalala. Alfajiri mnabeba mizigo. Hakuna aliyekuwa na kambi, watu walikuwa kambini. Aliyepiga kambi ndiye aliyeivunja, mara nyingi siku iliyofuata, na aliivunja kwa sababu alikuwa na kwao.

Hata kabla ya kambi, au sambamba nayo, lugha ilikuwa na maneno mengine mengi kwa kitu hicho, na inanishangaza jinsi tulivyoyaacha yafe. Kuna ago, wingi wake mago. Kuna marago, ambayo wasomaji wa Biblia ya zamani ya Kiswahili walikutana nayo huko jangwani na wana wa Israeli. Kuna kigono, mahali pa kulala safarini. Kuna kituo, kutokana na kutua, yaani kuweka mzigo chini, ambacho sasa ni cha polisi na cha basi na hakuna anayekumbuka mzigo. Na kuna dago, neno zuri kuliko yote, ambalo bado liko hai pwani. Wavuvi huenda dago. Wanafuata msimu na upepo, wanahamia ufuo wa mbali, wanajenga vibanda, wanavua, wanakausha samaki, kisha upepo ukigeuka wanarudi kwao. Katika dago, anayesema "kwa muda" ni mvuvi mwenyewe, na saa anayotumia ni upepo, ambao kila mtu anauona, mwenyeji na mgeni. Hakuna afisa anayemfungia mvuvi dago kisha akamwambia asubiri tangazo.

Acha niongeze moja hapa, kwa kuwa watu wa bara huwa hawaijui. Kwa Wamijikenda kambi ni baraza la wazee, wale waliokaa kayani na kuamua mambo ya jamii. Sisemi ni neno moja na hili letu. Nasema tu kwamba kuna Wakenya ambao wakisikia kambi wanasikia watu wanaoamua, wakati sisi wengine tukisikia kambi tunasikia watu walioamuliwa.

Sasa tuje kwa jeshi, kwa sababu jeshi ndilo lililobadilisha mambo. Askari hapigi kambi kwa kuchoka. Anapiga kwa amri, na anaivunja kwa amri. Jirani yangu hapa Landless ni mstaafu wa jeshi, mzee wa maneno machache, na siku moja nilimuuliza tofauti ya nyumba na kambi.

"Mwanangu," akaniambia, "nyumbani ukiamka unajua utalala wapi. Kambini anajua mkubwa wako."

"Na mkubwa akisahau kukwambia, mzee?"

"Basi unakaa."

Unakaa. Hilo ndilo fungu la historia yetu ambalo vitabu vya shule vinalipitia kwa haraka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikusanya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, wengi wao kwa nguvu, wakabeba risasi na unga hadi Tanganyika, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kambi zao zilikuwa za muda. Majina hayakuwa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi ya hao wapagazi wenyewe. Leo unaingia Kariokor kununua kiondo au kula nyama, na jina la marehemu liko kwenye bango, limeandikwa makosa, halina kaburi.

Au Kibera, ambayo ni kesi mbaya zaidi kwa sababu inaweza kupimwa kwa ekari. Wanubi walikuwa askari wa Sudan waliopigania ufalme wa Uingereza, wakawekwa pembezoni mwa Nairobi, msituni, na neno lao la msitu, Kibra, likawa jina. Mwaka 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Walikaa kwa kibali, si kwa hati. Wakazaa, wakazika, wakajenga misikiti, na serikali moja baada ya nyingine ikaendelea kuwaona ni watu waliopitia tu. Taito ya pamoja ya jamii waliipata Juni 2017, ekari 288. Karibu miaka mia moja ya "kwa muda", na mwishoni unarudishiwa sehemu ndogo ya mahali ulipozikwa babu wa babu yako. Nikisema kambi ni neno la mwenye ardhi, nina maana ya hesabu hii hasa.

Lakini kama ni kwetu huku, Kiambu na Murang'a, kambi ina sura nyingine. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Aprili 1954 wanajeshi wakafagia Nairobi katika Operesheni Anvil, na wanaume kwa maelfu wakapelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Angalia hiyo ya mwisho: Mackinnon Road ilikuwa bohari kubwa ya jeshi la Uingereza iliyoanzishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kisha ikaachwa. Haikuhitaji kubadilishwa sana, maana uzio ulikuwepo. Nafasi ya askari ikawa nafasi ya mfungwa, na neno likabaki lilelile, kambi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Manyani ni gereza hadi leo.

Na waliobaki nyumbani, wengi wao wanawake, wazee na watoto, wakaona nyumba zao zikichomwa na wao wenyewe wakisukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, mnara wa mlinzi na saa za kafyu. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo kuanzia katikati ya 1954. Kwa Kigikuyu vijiji hivyo viliitwa ichagi, kimoja gĩcagi. Sasa nikwambie kitu ambacho kinaniuma kila Desemba: tukisema tunaenda gichagi kwa Krismasi, tunamaanisha kwa cucu, chai ya maziwa na hewa safi. Sisemi tuache kulisema. Lakini wengine wetu cucu zetu walilijua neno hilo kutoka ndani ya handaki.

Hapa ndipo hoja inapokaza. Wakati wanaume wako kambini na wanawake wako ndani ya uzio, serikali ya kikoloni ilikuwa na shughuli nyingine: kupima ardhi. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vilivyotawanyika vikaunganishwa, mipaka ikachorwa, majina yakaandikwa. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwepo kuonyesha mpaka wake. Aliyekuwa Manyani hakuwepo. Ahoi, wale waliolima ardhi ya wengine kwa makubaliano ya kimila, hawakuwa na safu yao kwenye rejista. Watu walirudi kutoka kambini wakakuta shamba lina jina la mtu mwingine. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, ambayo ilikinga usajili wa kwanza: mahakama haingeweza kuurekebisha hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Soma tena hapo. Hata kwa ulaghai. Sheria hiyo ilidumu hadi 2012, yaani baadhi yetu tulikuwa tumeshamaliza shule ya msingi.

Kwa hivyo mtu akiniuliza watu wasio na ardhi Kenya ya kati walitoka wapi, simwambii walikuwa wavivu wala walikunywa shamba. Namwambia walikuwa kambini. Kambi ilikuwa chombo. Unamtoa mtu kwake "kwa muda", na katika muda huo unaandika kwake kwa jina lingine. Akirudi, yeye ndiye mgeni.

Wengi wa watu hao walienda wapi? Waliingia kambi nyingine. Kuanzia Ruiru hadi Thika na kupita, mashamba makubwa ya kahawa na katani yalikuwa na nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja kwa safu, choo cha pamoja, mfereji mmoja. Hizo nazo ziliitwa kambi. Cucu yangu aliishi katika mojawapo kwa miaka 31. Kwa Kigikuyu alisema "kambĩ-inĩ" na kwake hilo lilikuwa jibu kamili la swali "unatoka wapi". Mama yangu alizaliwa hapo, akasoma hapo, akaposwa akiwa hapo. Na siku cucu alipofikisha umri wa kutoweza tena kubeba debe la kahawa, aliambiwa chumba kinahitajika. Hakufukuzwa kwa ukali. Alipewa wiki mbili na mtu aliyekuwa na heshima zake, ambaye alimwita mama, na ambaye hakuona chochote cha ajabu, kwa sababu kambi ni ya kazi na kazi imeisha. Kitanda, sufuria tatu, kuku, redio. Miaka 31 ilibebwa na mkokoteni mmoja.

Ninachotaka uone ni kwamba yule bwana hakuwa mkatili. Neno ndilo lililomfanyia kazi. Angeambiwa "mtoe huyu mama nyumbani kwake," pengine mkono ungemtetemeka kidogo. Aliambiwa "achia kambi."

Siku hizi kahawa yenyewe inang'olewa. Ruiru, mahali palipokuwa na mistari ya mibuni, pana Tatu City na mitaa mingine yenye lango, walinzi na nyasi za kukatwa kwa mashine. Sina shida na mtu kujenga. Lakini angalia vizuri: mwenye shamba aliuza ardhi, mnunuzi akapata hati, na watu wa kambi waliochuma kahawa hiyo vizazi vitatu hawakuwa na cha kuuza, maana miaka yote hiyo walikuwa wamepiga kambi tu. Na tajiri akichoka na mji, yeye naye huenda kupiga kambi, Naivasha, hema lenye kitanda cha mbao na bafu la maji moto. Kwake neno limerudi kuwa na maana ya msafara: unaivunja Jumapili jioni kwa sababu una kwako.

Nimesema ningerudi kwa jina la Landless. Mwezi uliopita kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti zetu mtu alileta pendekezo kwamba tuanze kuandika jina lingine kwenye anwani na mabango, kitu chenye "View" au "Gardens" ndani yake. Sababu zake si za kijinga. Alisema mteja akisikia Landless anapunguza bei. Alisema binti yake shuleni alichekwa. Watu wengi waliweka vidole gumba.

Mimi napinga, na sababu yangu ni kambi. Weka maneno haya mawili kando kwa kando. Kambi inasema mtu huyu ana kwao, hapa anapita. Landless inasema mtu huyu hakuwa na kwao, sasa yuko hapa. Moja linaficha kilichotokea, lingine linakitamka mchana, kwa herufi kubwa, kwenye ubavu wa matatu. Sijui mtaa mwingine Kenya unaoeleza historia yake kwa neno moja namna hii. Na unataka kuufuta kwa sababu ya "View"? View ya nini, buda?

Kubadilisha jina tulishafundishwa na mabingwa. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi kwa kukataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulipotoka, mahali pakabadilishwa jina pakawa Galole. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa: jina jipya. Leo mji unaitwa Hola tena, na Galole limebaki jina la eneo bunge. Waingereza walichukua hadi Juni 2013 kusema bungeni kwao kwamba wanasikitika, na kukubali kulipa takriban pauni milioni 20 kwa wazee 5,228 waliofungua madai. Gawa mwenyewe uone kila mmoja alipata ngapi kwa ujana wake.

Najua jibu lililo tayari. Utaniambia maneno hubadilika, na kwamba kuna watu wanaoishi Kambi ya Moto, au Kambi ya Samaki kule Baringo, na hawaamki asubuhi wakijiona wakimbizi. Ni kweli kabisa, na sina ugomvi na majina hayo. Neno likishakuwa jina la mji wenye soko na hati, meno yake yameng'oka. Kariakoo haimuumi mtu. Ugomvi wangu ni na kambi yenye meno, ile ambayo bado inatumiwa na mwenye mamlaka kuamua nani atapimiwa na nani hatapimiwa.

Na hiyo iko. Dadaab ilifunguliwa 1991, Kakuma 1992. Kuna watu waliozaliwa huko ambao sasa wana watoto wa shule, na bado tunaziita kambi, na bado waziri akitaka makofi hutangaza kwamba zitafungwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya Wakenya 600,000 walifurushwa makwao, na mahema yaliyowekwa kwa wiki chache yakaona mvua za miaka, hadi "IDP" likawa kabila. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, watu waliingia madarasani na kwenye mahema tena, na tena nikasikia redioni: kambi ya muda. Wakati huohuo, jeshi la Uingereza lililokuja Nanyuki kufanya mazoezi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru lilijenga Nyati Barracks, ya mawe, na kuifungua 2021. Askari mgeni ana jengo la kudumu. Mwenye nchi ana turubai. Usiniambie hilo ni suala la msamiati tu.

Ninachodai si kikubwa. Kila anayetangaza kambi, awe waziri, gavana, chifu au shirika, ataje tarehe ya kuivunja na mahali watu watakapoenda ikivunjwa, kwa maandishi, siku hiyohiyo anapoleta blanketi. Kama tarehe imepita na watu bado wako, basi hiyo si kambi tena. Ni kijiji au mtaa, na kinachofuata ni savea, barabara, maji na hati. Na wanahabari, tafadhali, muda ukishapita mwaka acheni kuandika kambi bila kuandika tangu lini. "Kambi ya tangu 2008." "Kambi ya tangu 1991." Mwaka uwe sehemu ya jina, kama jina la baba.

Kwa upande wetu huku, kura kwenye grupu inafungwa Ijumaa. Hadi naandika, wanaotaka jina jipya wako 41 na sisi tuko 17. Yule mzee mstaafu amepiga na sisi, ingawa ilibidi mjukuu wake amwonyeshe pa kubonyeza. Kama una ploti Landless na hujapiga, bado una siku tatu.